Mgomba Wenye Mkungu

  

Leo tuzungumze juu ya kumtumaini Mungu kwa riziki. Nasema riziki kwa maana yake ya nyumbani kabisa: chungu cha jioni, daftari la mtoto, nauli ya kwenda hospitali. Miujiza mikubwa inao wahubiri wake wengi, na sina la kuwaongezea. Mimi nitaanzia kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba la mama yangu, Maruku mkoani Kagera, mbele ya mgomba mmoja uliokuwa na mkungu.

Mkungu ule ulikuwa mzuri. Ulijaa, ukainama kuelekea bondeni, na mama alikuwa ameshauegemeza kwa mti ili upepo wa ziwani usiuangushe. Lakini majani mawili ya juu yalikuwa yamegeuka manjano na kulegea, yakaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Ua dume, lile linalokaa chini ya mkungu, lilikuwa limesinyaa. Mama alinyofoa ndizi moja, akaipasua kwa kisu, akanionyesha. Ndani ilikuwa na madoa ya rangi ya kutu. Hakusema neno. Aliifuta mikono kwenye kanga, akauangalia tena mkungu kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayemwangalia mgonjwa wake.

Jirani yetu alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio. Alimshauri kwa nia njema. "Mama, usiwe na haraka. Subiri kidogo, huenda ukakomaa. Ukishakula ndipo ukate."

Mama aliingia jikoni, akalitoa panga lililokuwa limelazwa kwenye makaa, akasubiri lipoe kidogo. Kisha akaniambia maneno ambayo nimekuwa nayo tangu siku ile: "Mwanangu, Mungu aliyenipa huu hajazeeka." Akakata. Mkungu ukaanguka kwa kishindo kizito. Pale panga lilipopita, shina likaanza kutoa utomvu mzito wa manjano, kama usaha. Siku ile alikata mashina saba. Baada ya kila shina alirudi jikoni kulipitisha panga kwenye moto, akatoka tena. Jioni tulikula ugali kwa maharage, jambo ambalo mtu wa kwetu akiliona kwenye nyumba yenye kibanja huuliza kulikoni.

Wengi mnaonisikiliza mnaujua ugonjwa huo. Ni mnyauko wa migomba. Bakteria wake alitambuliwa kwanza Ethiopia katika miaka ya 1960, kwenye mmea unaofanana na mgomba ambao watu wa huko hula shina lake. Mwaka 2001 ugonjwa ukaonekana kwenye migomba ya Uganda, na haikupita miaka mingi ukawa umeingia Kagera. Hauna dawa ya kunyunyiza. Mdudu anayetua kwenye ua dume la mgomba mgonjwa hubeba ugonjwa na kuupeleka kwenye ua la mgomba mzima. Panga nalo huubeba. Chipukizi ulilopewa na shemeji yako huweza kuja nao bila wewe kujua. Wataalamu wa hapa hapa kwetu, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, pamoja na mabwana shamba wa kata, wamelisema hili mpaka sauti zikawakauka: kata shina lililougua mara tu unapoliona, ondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, choma kifaa chako moto au kioshe kwa jiki, usibebe chipukizi kutoka shamba usilolijua.

Ni maelekezo mepesi kuyasikia. Lakini mtu anaambiwa aukate mgomba wenye mkungu, na watoto wapo nyumbani.

Yule jirani hakukata. Alisubiri. Mvua zilipofika katikati, kibanja chake chote cha upande wa chini kilikuwa kimekauka, na ugonjwa ukaturudia sisi kwa kupitia uzio. Wala simlaumu, na nisingependa mtu amlaumu. Alikuwa na watoto watano, na mkungu ule ndio aliokuwa akiuona. Mwenye hofu hukishika alichonacho, hata kama alichonacho kinaoza mkononi. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nimelihubiriwa tangu Shule ya Jumapili bila kulielewa. Kumtumaini Mungu nilikuwa nimekufikiria kuwa ni kungoja, kukaa na mikono wazi mpaka kitu kianguke. Mama yangu alinionyesha kwamba kumtumaini Mungu ni kuweza kuachia. Asiyemtumaini Mungu hawezi kukata.

Hili la kuachia limenifanya nisome upya habari ya mana. Wana wa Israeli jangwani walipewa chakula asubuhi kwa asubuhi, kila nyumba kwa kadiri ya watu wake, na wakaambiwa wasiweke akiba ya kesho yake isipokuwa siku moja kabla ya Sabato. Wapo walioweka. Kulipokucha kilikuwa na funza na harufu. Tukiwa watoto tuliisikia kama hadithi ya watu wakaidi walioadhibiwa. Sasa naiona tofauti. Watu wale walikuwa wametoka utumwani, wamezoea kwamba atakayekosa leo hana wa kumpa kesho. Mungu alikuwa akiwafundisha kulala usingizi chungu kikiwa kitupu, na somo hilo liliwachukua miaka arobaini.

Sisi wa Kagera tuna mana yetu, ingawa hatuiiti hivyo. Inapofika Novemba, mvua za vuli zimekolea, usiku mmoja unasikia watoto wanapiga kelele barabarani: senene! Hakuna aliyewapanda, hakuna aliyewalisha. Wamekuja kwa mabawa yao, kijani na kahawia, wamejaa kwenye taa ya dukani, kwenye majani, kwenye nywele za watu. Siku hizi wafanyabiashara wanasimamisha mabati na taa kali, senene wanateleza na kuingia kwenye mapipa. Lakini mimi nakumbuka ile namna ya zamani ya kuamka alfajiri na kwenda kwenye nyasi zenye umande, ukawachukua mmoja mmoja wakiwa bado wazito kwa baridi. Ukichelewa mpaka jua lichomoze, wameruka. Nyumbani mnakaa kwenye mkeka, mnanyofoa mabawa na miguu, mnazungumza mpaka vidole vinanata. Kisha kikaangio, chumvi kidogo, vitunguu; mafuta wanayatoa wenyewe.

Ni zawadi tupu. Na bado aliyelala hakupata. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kumtumaini Mungu ni kukaa, namwomba aje Bukoba mwezi wa kumi na moja. Na anayeniambia kwamba kila alichonacho amekipata kwa jasho lake mwenyewe, naye namwomba aje mwezi huo huo.

Tena kibanja chenyewe ni ushahidi. Mgeni akipita njia ya Bukoba na kuona kijani kile, hudhani ardhi yetu ni tajiri kwa asili. Si kweli. Mvua ya Bukoba ni nyingi, inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya namna hiyo huosha udongo na kuondoka na rutuba yake. Toka nje ya kibanja, ingia rweya, kule kwenye nyasi, chimba kidogo: udongo ni maskini. Kibanja kina rutuba kwa sababu vizazi na vizazi vya watu walibeba. Walibeba nyasi kutoka rweya na kuzitandaza chini ya migomba. Walibeba samadi ya ng'ombe, majivu ya jikoni na maganda ya ndizi. Bibi aliyekufa kabla sijazaliwa alibeba nyasi kichwani, na mimi nimekula ndizi zilizotoka kwenye nyasi zile. Mungu aliwapa mvua, na mvua yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwaibia udongo. Wakamshukuru kwa mvua, kisha wakabeba. Sijui mfano bora kuliko huo wa imani na kazi kulala kitanda kimoja.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma.

Mnajua butura. Kwa msikilizaji aliye mbali na mkoa wetu, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado juu ya mti, mara nyingine ikiwa maua tu. Mwenye fedha anakuja mwezi wa njaa ya fedha, ambao kwetu ni Januari, shule zinafunguliwa na kahawa haijaiva. Anakupa kiasi kidogo leo, na msimu ukifika atakuja kuvuna kilicho chake, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya thamani yake. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo na imerudia marufuku hiyo mara nyingi, na bado ipo, kwa sababu Januari nayo ipo.

Nimewahi kusikia mhubiri akisema kwamba wanaouza butura wana upungufu wa imani: wangemtumaini Mungu wangesubiri bei. Nilitoka kwenye ibada ile moyo ukiwa mzito, kwa kuwa kwenye benchi la mbele yangu alikuwa amekaa mama mmoja niliyejua ameuza butura wiki ile ile ili mwanawe alazwe hospitali. Alikuwa ameinamisha kichwa. Na kwenye kanisa lile lile, siku ile ile, walikuwamo watu wawili au watatu ambao wangeweza kumkopesha bila riba mpaka msimu. Walimjua. Walikaa naye jumuiya moja. Yeye hakukosa imani. Sisi ndio tuliokosa. Tulikuwa na fedha ndani, tukaogopa kwamba zikitoka hazitarudi, na hofu hiyo ikamfikisha kwa mnunuzi wa butura.

Mtume Yakobo aliwaandikia watu wa namna yetu. Aliuliza ni faida gani kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, halafu usimpe kitu chochote. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na siku ile nilijikuta mimi ndiye ninayeulizwa.

Hapa kuna habari moja ya kwetu ambayo ningependa ijulikane zaidi. Kipo kijiji kinaitwa Nyakatoke, Bukoba Vijijini. Mwaka 2000 watafiti walikaa pale karibu mwaka mzima, wakaziendea kaya zote 119, na miongoni mwa maswali yao lilikuwa hili: ukipatwa na shida unamkimbilia nani, na nani hukukimbilia wewe? Wakachora kila jibu kama kamba kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kijiji chote kikatokea kimefungwa kwa kamba hizo, hakuna nyumba iliyosimama peke yake kabisa. Kuna ndugu wa damu, kuna majirani, kuna waumini wa dini moja, kuna vikundi vya kuzikana ambavyo kwetu huitwa bujuni, mtu akifiwa kila mmoja analeta maharage, ndizi, kuni na fedha kwa kiwango kilichokubaliwa. Wachumi wa vyuo vikuu vya mbali wamekuwa wakiisoma Nyakatoke tangu hapo, wakitaka kuelewa watu wasio na bima wala akiba benki wanavukaje mwaka mbaya.

Nilipoisikia habari hiyo nilimshukuru Mungu. Lakini uchunguzi ule ulikuwa na sehemu ya pili. Kamba zile hazikuwa sawa. Waliokuwa na mali walikuwa na watu wengi wa kukimbilia, na maskini walikuwa na wachache. Yaani yule ambaye angehitaji msaada mara nyingi zaidi ndiye mwenye milango michache ya kubisha. Ukilitafakari unaona sababu yake haiko mbali: ni rahisi kufanya urafiki wa kusaidiana na mtu ambaye kesho naye atakusaidia. Asiye na ng'ombe, asiye na kibanja kikubwa, mjane aliyerudi kwao, huyo hatumkatai. Tunamsahau tu.

Jambo hili lilitokea pia katika kanisa la kwanza kabisa, pale Yerusalemu. Kitabu cha Matendo ya Mitume hakikulificha. Waumini walikuwa wakigawana chakula kila siku, na bado ikagundulika kwamba wajane wa upande mmoja, wale waliozungumza Kiyunani, walikuwa wakisahauliwa. Mitume hawakuwaambia wajane wale waongeze maombi. Walitafuta watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wakawapa kazi ya kuhakikisha chakula kinafika. Stefano, shahidi wa kwanza, alichaguliwa kwanza kwa kazi ya kugawa chakula. Mimi jambo hilo hunigusa kila mara.

Kwa hiyo ninaposema Mungu hutupa riziki, nasema pia kwamba mara nyingi kabisa anaipitisha kwenye mkono wa mtu. Na mkono ukifumba, riziki ya mwenzako imekwama kwako. Haikukwama mbinguni.

Tumewahi kuliishi hili katika mkoa wetu kwa kiwango ambacho vijana wa leo hawawezi kukikumbuka. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata tulizika mpaka vijiji vikabaki na wazee na watoto. Wakati ule dawa za kurefusha maisha hazikuwapo. Bibi wa miaka sabini alijikuta na wajukuu sita, kibanja, na jembe. Nani aliwalea watoto wale? Ni mabibi, majirani, mashangazi, masista na wainjilisti waliotembea kwa baiskeli. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, lilikuwa na huduma iliyoitwa Huyawa, yaani Huduma ya Watoto, kwa ajili ya yatima hao. Watoto wa wakati ule leo ni walimu, ni madereva, ni mama wa familia, na baadhi yao wananisikiliza sasa hivi. Mnajua ni mikono ya nani iliyowafikisha hapo.

Marehemu Askofu Josiah Kibira, mtoto wa Kihaya aliyechaguliwa mwaka 1977 jijini Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, aliandika kitabu kizima juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu. Kwamba askofu alikaa chini kulifikiri kanisa akianzia na ukoo wa Kihaya, hilo peke yake lina uzito kwangu. Katika ukoo huulizi kama mtoto wa ndugu yako anastahili kula. Unamwongezea sahani. Ubatizo umetupa ukoo mpana kuliko ule wa damu, na swali ni kama sahani zimeongezeka kwa kadiri hiyo.

Najua pia kwamba ananisikiliza mtu aliyetumaini na bado akazika. Alifunga na kuomba, na mtoto akaondoka. Au tarehe 10 Septemba 2016, mchana, tetemeko lilipotupiga, nyumba aliyoijenga kwa miaka ishirini iliporomoka kwa sekunde chache, na mwaka ule wengi wetu tulilala nje na watoto tukiwa tumewafunika kwa maturubai. Kwako wewe sitakuwa na maelezo, na nakuomba usimkubali atakayekuja na maelezo mepesi. Hata Ayubu alipoketi majivuni, marafiki zake walifanya vizuri zile siku saba walizokaa naye kimya. Waliharibu walipofungua midomo. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona: wakati wa maturubai, aliyekuwa na unga alipika uji wa wengi, na hakuna aliyeuliza wewe ni wa dhehebu gani.

Wapo pia wanaotuambia kwamba riziki ya Mungu hununuliwa: toa kiasi fulani hapa mbele, na Mungu atakurudishia mara kumi kabla ya mwezi kwisha. Wanaliita kupanda mbegu. Sisi ni watu wa shamba, tunajua mbegu. Mbegu huipandi mfukoni mwa mtu. Mwenye shida ya Januari akimpa mhubiri fedha ya ada kwa ahadi hiyo, amefanyiwa jambo baya kuliko butura, maana wa butura angalau humwachia mti wake. Nalisema hili kwa uchungu na kwa hakika.

Sadaka ya kweli naifahamu kwa sura nyingine. Jumapili baada ya ibada, sisi Walutheri tuna mnada nje ya kanisa. Waliokosa fedha wameleta vitu: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, kikapu cha maharage, parachichi, mayai. Mzee wa kanisa anainua kimoja kimoja, anataja bei, watu wanapandishiana. Ni sehemu ya furaha kuliko zote za Jumapili, watoto hawataki kuikosa. Siku moja bibi mmoja alikuwa ameleta yai moja. Moja, limefungwa kwenye jani la mgomba lisivunjike. Mzee wa kanisa akaliinua juu kwa heshima ile ile aliyoinulia mkungu. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki pale senta, akataja bei ya kuku mzima. Mwingine akapandisha. Wakaenda hivyo mpaka yule fundi akalipata. Alilipa, akalichukua kwa mikono miwili, akapita katikati ya watu, akapiga goti mbele ya yule bibi, akamrudishia yai lake.

Bibi alilipokea. Wiki iliyofuata alilileta tena, au labda lilikuwa jingine.

Nimeliwaza yai lile mara nyingi. Bibi yule alikuwa ameachia alichokuwa nacho, fundi naye akaachia alichokuwa nacho, sadaka ikaingia hazinani kwa kazi ya Bwana, na jioni ile bibi alikuwa na yai. Haya ndiyo maisha ya Kikristo ya kila siku kama ninavyoyajua mimi.

Na mama yangu? Aliacha sehemu ile ya kibanja bila migomba kwa miezi mingi, kama alivyoelekezwa. Akapanda maharage, kisha mahindi. Msimu uliofuata alikuja mtu kutoka upande wa Kanyangereko, tunasali naye kanisa moja lakini hatuna undugu naye, akiwa na machipukizi manne kwenye baiskeli, kutoka kibanja ambacho bwana shamba alikuwa amekikagua na kukikuta kisafi. Alikuwa amesikia kwamba mama alikata. Hakutaka malipo; kwetu chipukizi la mgomba jirani huliomba na kupewa, ndivyo tulivyokuta. Mama alipanda matatu. La nne alimwambia yule mgeni walipeleke pamoja upande wa pili wa uzio, kwa jirani yetu, yule ambaye hakukata.

Sasa nakuomba jambo moja, msikilizaji, na nakuomba kama ndugu. Kabla ya Jumapili ijayo, itafute kwenye jumuiya yako nyumba moja yenye milango michache ya kubisha. Unaijua, au ukiuliza utaambiwa: mjane aliyerudi kwao, kijana anayelea wadogo zake, mzee ambaye wanawe hawapigi simu. Usiende na hotuba. Kama ni Januari, nenda na mkopo usio na riba ili kahawa yake ibaki kuwa yake. Kama kibanja chake kimeugua, msaidie kukata, halafu mpelekee chipukizi kutoka shamba safi. Na panga utakalokwenda nalo, tafadhali, lipitishe kwanza kwenye moto.